Damu ya Kulinganishia

Maabara yetu ilipofunguliwa, damu za kulinganishia tulizoagiza zilikwama njiani wiki tatu. Profesa hakuwa mtu wa kusubiri. Alitutazama sote watatu tuliokuwa chumbani, akaniuliza mimi kama nina ugonjwa wowote. Nikasema sina.

"Basi wewe ndiye kawaida," akasema. "Kunja mkono."

Damu zilizoagizwa zilipofika zilikuwa zimeharibika kwa joto, na hakuna aliyekumbuka kuagiza nyingine. Jambo la muda likawa sheria. Kwa miaka tisa, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili na nusu asubuhi, nilitoa mrija mmoja wa damu, na kila mgonjwa wa mwezi huo akalinganishwa nami. Jina nalo likaganda. Hata wafagiaji wa ghorofa ya tatu waliniita Dada Kawaida.

Aliyenitoa damu alikuwa mwenzangu tuliyemwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa sindano yake huisikii mpaka imetoka. "Leta mkono, Kawaida," alikuwa akisema. "Watu wanangoja uwaambie kama ni wagonjwa."

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu alama. Ndani ya kila seli kuna mashine za kutengeneza protini, na sehemu kubwa ya mashine hizo ni nyuzi ndefu za RNA. Kabla uzi haujaanza kazi, baadhi ya herufi zake lazima zigeuzwe. Sisemi zibadilishwe. Herufi hubanduliwa, huzungushwa, kisha hubandikwa tena kwa ubavu mwingine. Atomu ni zilezile na uzito ni uleule. Ukiiweka kwenye mizani haikuambii kitu. Ila sasa inatazama upande mwingine.

Anayechagua herufi ya kugeuza ni RNA nyingine, fupi sana, isiyobeba maelekezo ya protini yoyote. Huja, hujilaza kando ya uzi mrefu, herufi zake hushikana na za uzi, na ile inayobaki katikati bila mwenzake ndiyo inayogeuzwa. Tunaziita vielekezi. Kielekezi ni kidole tu: hakitengenezi protini, kinaonyesha mahali. Binadamu anavyo mamia, na vingine hakuna ajuaye vinaonyesha wapi.

Sisi tulishughulika na herufi moja. Kwa mtu mzima wa afya, katika kila nyuzi mia, herufi hiyo imegeuzwa katika nyuzi tisini na nne hivi. Kwa wagonjwa wetu, ambao uboho wa mifupa yao ulikuwa unaacha kutengeneza damu, ilikuwa pungufu. Programu ya kompyuta ilichukua hesabu ya mgonjwa, ikaigawa kwa hesabu yangu, ikatoa jibu. Mimi nilikuwa 1.00. Wagonjwa walikuwa chini yangu.

Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu.

Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa, mwendo wa dakika saba kutoka maabara. Ugonjwa wake ulianza na uchovu, kisha fizi zikatoa damu. Mama alikwenda hivyohivyo akiwa na miaka hamsini na mmoja, kabla hatujawa na jina la kuuita. Mdogo wangu alikuwa na thelathini na sita. Alihitaji uboho wa mtu mwingine, na katika ndugu wote waliopimwa ni mimi peke yangu ambaye uboho wangu ulilingana na wake. Upandikizaji ulipangwa Julai, tarehe ishirini na mbili.

Daktari wake wa damu alitaka kitu kimoja kutoka kwetu. "Nihakikishie mchangiaji hana kosa lilelile," aliniambia. "Nikimpandikizia uboho wenye kosa, nitakuwa nimeufuta wake na kumpa mwingine unaokufa. Hakuna mara ya pili."

Kosa halikusomeka popote. Tulikuwa tumekisoma kielekezi cha mdogo wangu herufi kwa herufi, tukakilinganisha na changu, na vyote viwili vilikuwa sahihi. Kilijua mahali pake. Kwa sababu tusiyoijua, ndani ya mwili wake hakikwenda. Njia ya kumjua mtu mwenye kosa ilibaki ni kuhesabu alama tu. Januari nikajaza fomu ya kwanza kwa mkono wangu. Mgonjwa: 0.68. Mchangiaji: 1.00. Profesa akatia sahihi, na fomu ya pili ikatakiwa ndani ya wiki mbili kabla ya upandikizaji.

Machi mdogo wangu akawa 0.73.

Nilimpelekea habari wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, chaki mkononi, midomo yake haina rangi. Kwenye kidole gumba, pale mpini wa mkasi unapokaa, ngozi ilikuwa imevilia damu.

"Namba zinapanda," nikamwambia.

"Kwa hiyo napona?"

"Namba zinapanda."

"Dada, sikukuuliza namba zinakwenda wapi. Namba hazijapanda ngazi ya nyumbani kwangu. Mimi nimepanda, nikakaa chini mara mbili."

Nikamweleza kwamba mwili huchelewa. Alama hurudi kwanza, nguvu hufuata. Sikuwa na ushahidi wa hilo, lakini ndivyo ingepaswa kuwa kama namba zilikuwa kweli, na namba zilikuwa kweli. Alinisikiliza huku akichora pindo la sketi.

"Haya, msomi," akasema. "Uzuri ni kwamba siko peke yangu. Wateja wangu nao wanakonda. Nimepima watatu wa zamani wiki hii, wote wamepungua. Ni mwaka mgumu."

Aprili akawa 0.79. Mwezi huo ulikuwa pia wa kuwapima marehemu.

Ndivyo tulivyowaita, bila utani. Tulikuwa na mirija sita ya RNA kutoka kwa watu sita wa afya waliojitolea miaka ya mwanzo, wakafa baadaye kwa mambo mengine: ajali, uzee, mmoja kwa moyo. Mirija yao ilikaa kwenye friza ya nyuzijoto themanini chini ya sifuri, na kila baada ya miezi mitatu tulichukua tone kutoka kila mmoja ili kuhakikisha mashine haijayumba. Kwa miaka yote walikuwa 1.00, au karibu sana. Wafu hawabadiliki; kwa kazi ya maabara, hiyo ndiyo sifa yao kubwa.

Aprili wote sita walitoka 1.16.

Nilichapisha grafu nikaiweka mezani kwa Profesa. Mistari sita ilikuwa imelala sambamba kwa miaka, kisha mwishoni ikainuka pamoja, kama watu sita walioinuka vitini kwa wakati mmoja bila kuambiana.

"Kemikali mpya," Profesa akasema. "Tumefungua chupa mpya Machi. Badilisheni."

Tukabadilisha. Tulibadilisha pia maji, na ncha za kupimia. Juni mdogo wangu akawa 0.88. Wagonjwa wengine nao walipanda, wote, hata wawili waliofariki mwezi huohuo. Mmoja alikuwa 0.91 siku nne kabla ya kuzikwa. Nililiandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, kwa sababu halikuwa na maana, na jambo lisilo na maana huandikwa ili mtu alirudie.

Jumatatu ya kwanza ya Julai, Mkono Mwepesi alifunga mpira juu ya kiwiko changu, akasita.

"Alama ya mwezi uliopita bado ipo," akasema. "Nilikuchoma vibaya?"

Nikatazama. Palikuwa na doa la zambarau, pana kama kifuniko cha chupa.

"Hapana."

"Basi ngozi imeanza kuzeeka, mama. Leta mkono wa pili."

Matokeo yalitoka Ijumaa asubuhi. Mdogo wangu: 0.94. Marehemu wote sita: 1.42.

Hesabu hiyo haiwezekani. Ikiwa kwa mtu wa afya nyuzi tisini na nne katika mia zina alama, 1.42 ni nyuzi mia moja thelathini na tatu katika mia. Nilikwenda kwenye friza. Injini yake ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Nikavaa glavu nene, nikaitoa mirija, nikaishika mmojammoja kwenye mwanga. Lebo zilikuwa za mwandiko wangu. Namba mbili alikuwa mwalimu wa hesabu. Namba tano ndiye aliyeuliza kama itauma wakati sindano ilikwisha kuingia. Sijui nilitarajia kuona nini. Kila mrija ulikuwa na tone la barafu safi chini kabisa, na barafu ilikuwa vilevile, na kulingana na mashine iliyogharimu miaka miwili kuisanidi, watu hawa walikuwa wanaendelea. Walikuwa wanazidi kuwa wazima.

Sikupenda kuipa mgongo friza ile. Naandika hilo kwa sababu lilitokea.

Daktari alikuwa achukue fomu ya pili saa tisa. Nilikuwa nimeijaza: Mgonjwa 0.94, Mchangiaji 1.00. Saa sita na nusu nikatoka kwenda kwa mdogo wangu. Kwa karatasi zangu, katika kila mtu niliyempima mwezi ule, hai au mfu, yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote na kuwa mtu wa kawaida.

Nilimkuta amelaza kichwa kwenye meza ya kukatia. Alipoinua uso, chaki ilikuwa imemwacha na mstari mweupe shavuni, na mstari ule haukutofautiana sana na shavu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nimelala tu. Nina kisa cha kukuchekesha."

"Niambie."

"Mteja wangu yule mnene wa benki. Nimemshonea suruali, vipimo vyangu mwenyewe, amekuja kuijaribu asubuhi, haipiti makalioni. Akaniambia, fundi, umenipima mimi au kivuli changu? Nikampima tena. Futi inasema amekonda. Yeye anasema kwenye mizani ameongezeka kilo tatu. Basi nikachukua rula ya chuma, nikaiweka kando ya futi." Akaivuta futi kamba kutoka shingoni, ile ya kitambaa aliyorithi kwa mama, akainyoosha mezani. "Tazama. Inchi thelathini na nane inasoma thelathini na sita. Imevutwa miaka yote, imelegea. Na mimi nilikuwa nawahurumia watu kwamba wamekonda."

Nikaitazama futi.

"Wote walikuwa wamepungua?" nikauliza.

"Wote. Ningeshtuka mapema. Mji mzima haukondi kwa pamoja, dada. Ukiona kila mtu amebadilika, tazama kilicho shingoni mwako." Akacheka, kisha akaacha kwa kuwa kucheka kulimchosha. "Mbona umesimama?"

"Nina kazi nimeisahau," nikasema.

Dakika saba zile nilizitembea kwa mwendo wa kawaida. Nakumbuka nilisimama kungoja magari yapite ingawa barabara ilikuwa tupu.

Programu ilihifadhi hesabu ghafi kwenye safu ambayo hakuna aliyeifungua, kwa sababu haikuingia kwenye ripoti. Nilianza na marehemu. Januari: tisini na nne katika mia. Aprili: tisini na nne. Julai: tisini na nne. Walikuwa hawajasogea hata kidogo. Walikuwa wamelala palepale tulipowaweka, na mimi ndiye niliyewaogopa.

Kisha mdogo wangu. Januari sitini na nne, Julai sitini na mbili. Hakuwa amepanda. Alikuwa akishuka polepole, kama alivyoniambia mwenyewe kwa habari ya ngazi.

Safu yangu niliiacha mwisho. Kwa miaka minane na nusu ilikuwa tisini na nne, mara chache tisini na tatu. Januari, tisini na nne. Machi, themanini na nane. Aprili, themanini na moja. Juni, sabini na mbili. Julai, sitini na sita. Na pembeni ya kila mstari, kwenye safu ya jibu, programu ilikuwa imeandika kwa uaminifu 1.00, 1.00, 1.00, kwa maana kitu chochote kikigawanywa kwa chenyewe hutoa moja. Ningeweza kufa, nao wangenipima, ningetoka moja kamili.

Niliketi nikautazama mkono wangu wa kushoto. Tangu Mei mswaki ulikuwa ukitoka na rangi ya waridi. Nilikuwa nimebadilisha mswaki. Mahali fulani ndani ya mfupa, vidole vidogo vilivyojua njia vilikuwa vimeacha kwenda, kimoja baada ya kingine, na nilikuwa nikiwapima watu wote kwa vile vilivyobaki.

Fomu ilikuwa mezani. Inafaa kusema nilichofikiri. Kila namba iliyokuwa juu yake ilikuwa imetolewa kwa utaratibu uliokubaliwa. Hakuna ambaye angefungua safu ile. Mdogo wangu hakuwa na mchangiaji mwingine, na alikuwa na siku kumi na mbili. Nilifikiri pia kwamba sitini na sita ni zaidi ya sitini na mbili, na kwa muda wa dakika moja hivi tofauti ile ya nne ilionekana kwangu kuwa kubwa. Kisha nikakumbuka maneno ya daktari, kwamba angeufuta kwanza ule alionao. Nikaichana.

Profesa alisoma karatasi zangu akiwa amesimama. Alizisoma mara mbili, akavua miwani.

"Miaka tisa," akasema.

"Makosa ni ya miezi mitano. Kabla ya hapo nilikuwa sawa."

"Tulimpima mchangiaji kwa mchangiaji."

"Ndiyo."

"Na wote tukatia sahihi." Akaketi. "Mimi ndiye niliyekuambia ukunje mkono."

"Hukunilazimisha."

Akaivaa tena miwani. "Unajisikiaje?"

Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo aliloniuliza katika miaka yote hiyo. "Sitini na sita," nikajibu, na akaandika.

Daktari alipofika saa tisa nikampa fomu mpya. Aliisoma, akanitazama mkono, akauliza doa lile lina muda gani. Akasema kuna orodha ya wachangiaji wasio ndugu, na kwamba alikuwa ameacha kuipekua Januari, tuliposema mimi nafaa. Angeanza tena jioni hiyo. "Kwa wawili," akasema.

Nilirudi kwa mdogo wangu saa kumi na moja. Alikuwa anang'oa mishono ya suruali ya mtu wa benki.

"Uboho wangu haufai," nikamwambia. "Una kosa lako."

Akakata uzi kwa meno. "Langu mimi?"

"Letu."

Akaiweka suruali chini taratibu. "Tangu lini?"

"Machi, kwa mujibu wa karatasi."

"Na ulikuwa unazo hizo karatasi?"

"Nilikuwa nazo. Sikuzisoma. Nilikuwa nimejifanya mimi ndiye kipimo."

"Nyani," akasema, na methali hakuimalizia. Alifikiri. "Kwa hiyo mimi sipandi."

"Hupandi. Unashuka kidogo. Ulivyosema wewe."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Afadhali," akasema. "Nilianza kudhani nina wazimu. Unaambiwa unapona na ukuta ndio unakushika." Kisha, kwa sauti ya chini: "Wewe utakuwa nani sasa, ukitoka kwenye ukawaida?"

"Mgonjwa namba arobaini na moja."

"Mimi nani?"

"Thelathini na nane."

"Basi bado nakutangulia," akasema. "Niamkie."

Agosti tulianza kulinganisha kwa damu ya watu ishirini iliyochanganywa, na wanne kati yao hubadilishwa kila mwaka. Marehemu sita wakarudi 1.00. Mdogo wangu ni 0.66, mimi 0.70. Kwenye orodha amepatikana mtu mmoja ambaye uboho wake unalingana na wetu sote wawili, katika nchi nyingine. Tunajua umri wake na kundi lake la damu. Amekubali kutoa mara moja. Nilimwandikia daktari siku hiyohiyo kwamba wa kwanza kupandikizwa ni mdogo wangu, na sababu niliyoandika ilikuwa namba zetu mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ambayo haihitaji kujadiliwa.

Mwezi huu bado hajaingia hospitali. Jana alinisimamisha katikati ya chumba, akasema gauni alilonikatia mwanzoni mwa mwaka kwa siku ya kumtoa wodini lazima alipime upya. Akanizungushia futi kiunoni, akaisoma, akailegeza, akaizungusha tena.

"Umepungua inchi mbili," akasema.

"Una hakika na futi?"

Akainua ncha yake ili niione. Ilikuwa ya plastiki ngumu, ya manjano, na karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa nyuma.

"Nimeinunua jana," akasema, na akachukua chaki.